Wikiendi ndefu Italia na washkaji: reli moja, miji mitatu, hela ya mwanafunzi

Kila ikikaribia Aprili simu yangu inajaa meseji za aina moja, "kaka tunakuja huko siku tatu na wenzangu, tunataka Roma, Firenze, Venice, Milano na ikiwezekana tushuke Napoli tukale pizza", na mi huwa najibu kwamba mtaona stesheni tano na vyoo vya stesheni tano, tena vya kulipia. Nasoma Padova, mji wa kaskazini mwa Italia karibu na Venice, huu mwaka wa pili, na safari yangu ya kwanza na washkaji nilichemka vibaya kwa tamaa hiyohiyo, tulikimbizana na treni mpaka tukawa tunakula biskuti za mashine. Ya pili, Aprili 2025, tukatuliza kichwa. Naandika tulivofanya hatua kwa hatua, na tulipoharibu pia ntasema.

Hatua ya 1: vizia "daraja"

Waitaliano wana neno lao, ponte, maana yake daraja. Sikukuu ikidondokea Alhamisi au Jumanne watu wanachukua na ile siku ya katikati, wanaunganisha mpaka wikiendi, hapo wanasema wamejenga daraja. Sikukuu za kuvizia ni 25 Aprili (ukombozi wao wa 1945), 1 Mei, 2 Juni ambayo ni siku ya Jamhuri, 1 Novemba na 8 Desemba. Kwa 2026 Mei Mosi ni Ijumaa, 2 Juni ni Jumanne na 8 Desemba nayo Jumanne, kwa hiyo kalenda imekaa vizuri, kazi ni kwenu.

Sisi tulichukua 25 Aprili 2025 iliyokuwa Ijumaa. Faida yake, tarehe hiyo makumbusho ya serikali nchi nzima ni bure kuingia (hata 2 Juni na 4 Novemba, na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi). Hasara yake, na Waitaliano wenyewe wanajua ni bure.

Mmoja wetu alikomaa na Roma. Tulimbishia kwa sababu 2025 ulikuwa Mwaka Mtakatifu wa Kanisa Katoliki, mahujaji kila kona na vitanda bei juu, akanuna siku mbili kwenye grupu. Halafu tarehe 21 Papa Francis akafariki, mazishi yakawa Jumamosi tarehe 26, siku ambayo tungekuwa tunahangaika hapo hapo mjini na mabegi yetu. Jamaa hakuzungumzia tena Roma.

Hatua ya 2: karatasi kabla ya nguo

Hii ndo inayoua safari za watu wetu na hakuna anayeisema mapema. Kama unasoma nchi nyingine ya Schengen (zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) na una kadi yako halali ya ukaazi, unaweza kuingia Italia kutembea bila viza nyingine, mpaka siku 90 ndani ya siku 180. Beba pasipoti ORIJINO na kadi ORIJINO, picha kwenye simu sio karatasi, na pale mnapolala lazima watachukua taarifa zenu kwa ajili ya polisi, hiyo ni sheria kwa kila mgeni wala sio wamekushuku. Ukiwa Uingereza hiyo viza yako ya huko haikusaidii kitu, unaomba Schengen kama kawaida.

Sasa kwa tunaosoma Italia kwenyewe, ukiwa bado unasubiri kadi ya permesso (kibali cha ukaazi) na mkononi una ile risiti tu ya posta (ricevuta), risiti hiyo inakulinda ndani ya Italia ila haikuruhusu kwenda kuzurura Ujerumani au Ufaransa. Mi nilikaa na risiti miezi na miezi, ndo maana washkaji walikuja kwangu badala ya mi kwenda kwao. Kwa hiyo kama kwenye kundi kuna mwenye risiti, mji wa kukutania uwe Italia, yamekwisha.

Kitu kimoja nisiuzunguke, kwenye stesheni kubwa sisi weusi tunasimamishwa kuombwa karatasi kuliko wazungu wa kundi hilohilo, kwa uzoefu wangu. Usipaniki na usianze ubishi, toa, watasoma, watarudisha, mnaendelea. Ila ukiwa umeziacha hotelini hapo ndo mchana wako unaisha.

Hatua ya 3: chora mstari mmoja, weka kambi katikati

Fungua ramani ya reli. Kuna mstari unaanzia Firenze (ndo Florence), unapanda Bologna, unapita Ferrara na Padova, unaishia Venice. Bologna iko katikati, karibu treni zote za kutoka kaskazini kwenda kusini zinapita hapo. Firenze kwa treni ya kasi ni kama dakika 40, Venice kwa treni ya kawaida ni kama saa mbili, ya kasi ni saa moja na nusu hivi. Sasa kwa nini uhame hoteli kila usiku unaburuta begi kwenye mawe? Lala Bologna siku tatu, begi linabaki chumbani, asubuhi unatoka na chupa ya maji na chaja tu.

Alafu ni mji wa wanafunzi, chuo chao wanakihesabia kuanzia mwaka 1088, kwa hiyo kula na kunywa ni bei za kibinadamu ukilinganisha na Venice. Tulikuwa wanne, mi, mshkaji wa Torino, dada mmoja anasoma Poland na jamaa mwingine amekulia Uswidi. Tulipanga nyumba ya vyumba viwili mwendo wa dakika 15 kutoka stesheni, euro 480 siku tatu, ikawa 120 kila mtu. Juu ya hapo kuna tassa di soggiorno, kodi ya mji kwa kila kichwa kila usiku, mara nyingi haimo kwenye bei unayoiona mtandaoni, unaidaiwa ukifika. Ni euro chache lakini ukiwa umehesabu mpaka senti ya mwisho inauma.

Weka nafasi miezi miwili kabla kama ni ponte. Sisi tuliweka wiki tano kabla na tulikuwa tunachagua kwenye makapi.

Hatua ya 4: kibubu

Marafiki wengi hawagombani kwa sababu ya miji, wanagombania euro nne za maji. Kwa hiyo siku ya kwanza usiku kila mtu anaweka euro 60 kwenye kibubu kimoja, mnachagua mweka hazina (sisi alikuwa huyo dada wa Poland, mkono wake hauachii hela kirahisi), na kibubu kinalipa vitu vya pamoja, kifungua kinywa, maji, mabasi, soko la chakula cha nyumbani. Kikiisha mnachanga tena sawasawa. Kila anayetaka zawadi, bia, aiskrimu ya tatu, ni mfuko wake.

Mgahawani mkiomba kila mtu alipe chake, sehemu nyingi hawataki, wanawaletea bili moja na mnaigawa wenyewe. Na kwenye bili utaona neno coperto, euro mbili tatu kila mtu, ni hela ya kukaa mezani na mkate, imeandikwa kwenye menyu kwa herufi za chungu. Sio wizi, ndo utaratibu wao, lakini watu wanne ni euro kumi mmelipa kabla ya kula.

Hatua ya 5: tiketi, hapa soma pole pole

Treni ni za aina mbili kwa lugha ya mwanafunzi. Kuna za kasi, Frecciarossa za Trenitalia na zile nyekundu za Italo, bei zake zinapanda kadri siku inavokaribia, ukikata wiki tatu kabla unapata kwa bei ya kutupa na ukikata asubuhi yake unalia. Kuna za regionale, polepole, bei haibadiliki hata ukikata dakika tano kabla na kiti hakina namba, wa kwanza kukaa ndo kakaa. Kwa hiyo kanuni ni rahisi: za kasi kata mapema, za regionale usijisumbue.

Tiketi ya regionale ukiwa nayo ya karatasi, kabla ya kupanda igonge kwenye kale kamashine kadogo pale stesheni kakapige muhuri wa saa. Ukisahau, kwa mkaguzi we huna tiketi, atakupiga faini na Kiitaliano chako cha "mi dispiace" (samahani) hakitamlainisha. Ya kwenye simu, kama apu inakudai ufanye check-in fanya kabla treni haijaondoka. Watalii wanapigwa sana hapa.

Stesheni ya Bologna ni kama stesheni tatu zimebebana. Treni za kasi nyingi ziko chini kabisa ardhini, unashuka ngazi za umeme, unashuka tena, unashuka tena, na kuna njia nyingine zimeandikwa "Ovest" (magharibi) ziko mbali pembeni kule. Usifike dakika nne kabla. Fika robo saa. Ukiwa hapo juu, kwenye chumba cha kusubiria, angalia saa ya ukutani upande wa nje, imesimama 10:25 (asubuhi, kwa saa ya kizungu), hiyo ni dakika bomu lilipolipuka tarehe 2 Agosti 1980 na kuua watu 85. Watu wanapita na masanduku yao, wengine wanasimama kidogo.

Migomo nayo. Neno la kujua ni sciopero, yaani mgomo. Inatangazwa kabla, mara nyingi inapangwa Ijumaa, kwa hiyo wiki ya safari ingia mtandaoni uangalie. Siku za kazi kuna masaa ambayo treni za regionale lazima zitembee hata kwenye mgomo, kuanzia 6:00 mpaka 9:00 na 18:00 mpaka 21:00. Sikukuu na Jumapili hayo masaa hayapo, na hata bila mgomo sikukuu ratiba inakuwa nyembamba.

Sasa umeona nimeandika 6:00 na sio saa kumi na mbili. Nina sababu. Ijumaa usiku niliandika kwenye grupu "treni ya Firenze ni saa 2:38 msichelewe". Sisi watatu hatukuwaza mara mbili. Yule mwenzetu wa Uswidi, Kiswahili chake ni cha nyumbani kwa mama, saa anahesabu kizungu, akajua ni 14:38, alikuwa amechelewa kulala, akaendelea kukoroma na sisi tukajua katangulia kununua kahawa. Tunakuja kushtuka milango inafungwa, tupo ndani, yeye yupo kitandani. Tiketi ya bei ya chini kabisa haibadilishwi wala hairudishwi hela, akakata nyingine kwa bei ya siku hiyo hiyo, zaidi ya mara mbili ya yetu, na kwa haki kabisa mi nililipa nusu. Muda wa treni andika kama ulivo kwenye tiketi, 8:38, kwa mfumo wa masaa 24, hata kama wote mmezaliwa Tanga.

Hatua ya 6: Ijumaa, Bologna kwa miguu

Siku ya sikukuu yenyewe usisafiri, kaa mji wako wa kambi. Maduka mengi yamefungwa lakini watu wote wako barabarani. Anzia Piazza Maggiore, uwanja mkuu wa mji. Kanisa kubwa la San Petronio lilianza kujengwa mwaka 1390 na uso wake mpaka leo haujaisha, chini marumaru, juu matofali matupu, kabisa kama nyumba ya mtu wa Mbagala aliyeishiwa hela ya plasta akahamia hivohivo. Nililipenda sana kwa hilo. Kuingia bure.

Pembeni kidogo kwenye ukuta wa uwanja wa Nettuno kuna picha ndogo ndogo nyingi za wapiganaji wa msituni waliouawa wakipigana na mafashisti na Wanazi, na siku ya 25 Aprili panakuwa na mashada ya maua na wazee wa miaka mingi wanakuja kusimama pale. Ukitaka kuelewa sikukuu yenyewe ni ya nini, pale dakika kumi zinatosha.

Halafu kuna mchezo. Chini ya jengo la Podestà, pale pale uwanjani, kuna njia nne zinakutana chini ya dari la upinde. Mmoja asimame kona moja ageukie ukuta, mwingine kona ya mkabala, nongʼonezeneni ukutani, mnasikiana kama mko kwenye simu. Tulikaa pale nusu saa kama watoto, dada wa Poland akatumia nafasi hiyo kunikumbusha deni la euro sita.

Minara miwili iko mwendo wa dakika tano. Mrefu ni Asinelli, mita 97, mfupi ni Garisenda, umeinama kiasi kwamba ukiuangalia shingo inainama yenyewe, na tangu Oktoba 2023 eneo limezungushiwa uzio kwa hofu ya usalama wake, kwa hiyo usipange kupanda. Kama mlitaka kwenda Pisa kwa ajili ya picha ya mnara uliopinda, hii hapa, okoa nauli.

Jioni pandeni San Luca, kanisa la mlimani. Bologna ina vibaraza vyenye nguzo, portici, mji mzima unatembea kivulini hata mvua ikinyesha, UNESCO waliviingiza kwenye orodha yao 2021. Kimoja kinaanzia Porta Saragozza kinapanda mlima mpaka kanisani juu, karibu kilomita 3.8, matao 666. Bure kabisa, saa moja hivi ya kupanda, mapaja yanawaka. Vaa raba.

Hatua ya 7: kula, na hasa kama huli nguruwe

Mkoa huu ni nguruwe mwanzo mwisho na hawakwambii, kwao ni kawaida tu. Mortadella ni nguruwe. Ragù, mchuzi wa nyama wa kwenye tambi za tagliatelle, mara nyingi ina nguruwe imechanganywa na ngʼombe. Tortellini, zile ndogo, ndani ni nguruwe, ila tortelloni, kubwa, kwa kawaida ndani ni jibini laini ya ricotta, kwa hiyo hizo herufi za mwisho ziangalie vizuri, -lini na -loni. Piadina inaonekana kama chapati na moyo unatulia, lakini ya kizamani inakandwa na strutto, mafuta ya nguruwe, uliza "c'è strutto?" na wengi wana ya mafuta ya zeituni. Neno la kukariri ni maiale, yaani nguruwe. Ukisema "senza maiale" (bila nguruwe) wanaelewa mara moja. Halali kamili utaipata kwenye vibanda vya kebabu na mitaa ya jirani na stesheni, Wapakistani na Wamorocco wako kila mji.

Kahawa kunywa umesimama kaunta, euro moja na kitu, ukikaa mezani uwanjani bei inakuwa nyingine kabisa. Cappuccino ni ya asubuhi, ukiagiza baada ya chakula cha mchana watakupa ila utaona macho. Na maji msinunue hovyo, jazeni chupa kwenye mabomba ya barabarani, ni safi.

Hatua ya 8: Jumamosi, Firenze

Shuka Santa Maria Novella, ndo stesheni ya mjini, dakika kumi kwa mguu uko kwenye Duomo, kanisa kuu la mji. Kuingia kanisani ni bure lakini foleni inazunguka, na mabega na magoti yafunikwe, dada zetu bebeni khanga, inafanya kazi zote, kichwani jua likiwaka, begani ukiingia kanisani, chini mkikaa kwenye majani. Kupanda kuba la kanisa hilo, alilojenga Brunelleschi, ni ngazi 463 na lazima uwe umekata tiketi yenye saa yake siku nyingi kabla. Sisi hatukukata, hatukupanda, hatukufa.

Kuhusu makumbusho nakwambia kitu ambacho matangazo hayasemi. Utasikia "vijana miaka 18 mpaka 25 wanalipa euro 2". Ni kweli kwa makumbusho ya serikali, ila ni kwa wenye uraia wa Umoja wa Ulaya, kadi ya mwanafunzi haitoshi. Jamaa wa Uswidi ana pasipoti ya huko, akaingia Uffizi, makumbusho makubwa ya michoro, kwa euro 2, sisi wenye pasipoti za Afrika Mashariki tukaangalia bei ya euro 25 halafu tukaangaliana. Mmoja tu akaingia naye, mi na mwenzangu tukaenda kuzurura. Kwa hiyo mkitaka makumbusho ya serikali bila kulia, fanyeni ile Jumapili ya kwanza ya mwezi ama hizo tarehe za bure, mfike kabla milango haijafunguliwa, na kumbukeni Jumatatu Uffizi na Accademia (makumbusho nyingine ya serikali) zimefungwa. Sanamu ya David ya Michelangelo, ile orijino ya zaidi ya mita tano, iko Accademia tangu 1873. Ila kwenye Piazza della Signoria kuna nakala imesimama palepale orijino ilipokuwa zamani, kwa macho yangu mimi nisiyesoma sanaa ilinitosha. Uwanja huohuo, pembeni ya sanamu ya Nettuno, kuna bomba la maji ya bure, na ya gesi yapo.

Kisa cha kuwaambia mkiwa pale, mwaka 1487 Lorenzo de' Medici, mtawala wa Firenze wakati huo, aliletewa zawadi kutoka kwa sultani wa Misri, twiga mzima mzima, akatembezwa mitaa hii watu wakichungulia madirishani. Sisi twiga tunapishana naye barabarani Mikumi.

Mchana kula lampredotto. Usiogope jina, ni tumbo la nne la ngʼombe, limechemshwa mpaka limelainika, wanalikatakata mbele yako, linaingia kwenye mkate uliochovywa kwenye supu yake, juu mchuzi wa majani na wa pilipili. Euro tano sita kwenye kibanda. Wenzangu wazungu wa chuo wanakunja sura, mi la kwanza tu nikakumbuka supu ya utumbo ya asubuhi, tofauti ni kwamba ndimu hawaweki, nikaomba limao nikapewa, yule mzee wa kibanda akaniangalia kama nimemtukana mama yake.

Jihadhari na wale jamaa wa bangili za nyuzi karibu na Duomo na madaraja. Wanakuja na tabasamu na wanakwambia "Hakuna matata! Africa!", wanakushika mkono, bangili imeshafungwa, sasa lipa. Weka mikono mfukoni. Mi nilimjibu Kiswahili kirefu kabisa, hakuna matata kweli ndugu yangu, we umejifunzia wapi, kumbe ni Msenegali na hayo mawili ndo Kiswahili chake chote, tukacheka, akanisindikiza mpaka kwenye basi ananieleza maisha. Lakini wewe weka mikono mfukoni.

Jua likikaribia kuzama vukeni Ponte Vecchio, daraja la mwaka 1345 lenye maduka ya sonara juu yake, mpandie Piazzale Michelangelo. Bure, mji wote unauona. Treni ya mwisho ya kurudi iangalieni kabla hamjapanda, sio mkiwa juu.

Hatua ya 9: Jumapili, Venice

Kwanza kodi ya mlango. Siku maalumu za msimu, kwa 2025 zilikuwa mfululizo kuanzia 18 Aprili mpaka 4 Mei kisha wikiendi mpaka Julai, anayekuja kwa siku bila kulala analipa ili kuingia mji wa zamani, euro 5 ukilipa mapema, euro 10 ukingoja siku za mwisho, unapewa msimbo wa QR. Inahusu 8:30 mpaka 16:00 tu, ukiingia baada ya hapo hudaiwi. Angalia kalenda ya mwaka wako kwenye tovuti ya manispaa. Mi naishi mkoa wa Veneto, ambao Venice imo ndani yake, kwa hiyo nimesamehewa, wenzangu watatu walilipa tano tano.

Shuka Santa Lucia, sio Mestre, Mestre ni bara, watu wanashuka huko wanashangaa mbona hakuna maji. Ukitoka mlango wa Santa Lucia mfereji mkuu uko miguuni kwako. Tembeeni, fuateni vibao vya njano vya "Per Rialto" na "Per San Marco", halafu mkishachoka na msongamano viacheni makusudi. Mtu aliyekulia vichochoro vya Mji Mkongwe au Lamu hapotei Venice, anazunguka tu, hamna gari, hamna pikipiki, kila kichochoro mwisho wake ni maji au uwanja.

Boti ya abiria, vaporetto, ni euro 9.50 kwa dakika 75. Gondola ni euro 90 kwa nusu saa mchana, ni bei ya boti nzima na wanaingia mpaka watano, kwa hiyo mkiwa wanne sio mwisho wa dunia ila sisi hatukuona sababu. Kuna njia ya wenyeji, traghetto, gondola ya kuvusha watu tu kutoka ng'ambo hii ya mfereji mkuu kwenda ile, euro 2, dakika mbili, umepanda gondola, picha imepigwa, nani atajua. Ila kagueni masaa yake, Jumapili vituo vingine havifanyi kazi.

Usikae kwenye ngazi za San Marco kula, ni faini, na usiingize miguu kwenye mifereji. Kula nendeni upande wa Campo Santa Margherita kwenye wanafunzi, kipande cha pizza ni euro chache, au Cannaregio kwenye vibaa vya cicchetti, vitafunio vidogo vya samaki na mikate, unakula umesimama.

Kwenye maduka ya vioo vya Murano, kisiwa cha Venice cha mafundi wa vioo, nilisimama muda mrefu kuliko nilivotegemea. Ushanga mwingi wa misafara ya karne ya 19, ule uliobebwa kutoka pwani yetu kwenda bara kununulia pembe na chakula, ulitoka hapa Venice, hata ule mwekundu waliouita samesame. Bibi yangu alikuwa na uzi mmoja wa ushanga mwekundu. Sijui ulitoka wapi, ila nilimpigia mama simu ya video palepale nimwoneshe, akaniuliza bei, nikamwambia, akakata simu.

Hatua ya 10: kurudi

Jumapili ya ponte jioni treni za regionale kutoka Venice zinajaa mpaka milangoni. Msisubiri ya mwisho, chukueni ya kabla yake mbili, na pandeni Santa Lucia ambako inaanzia, kwa sababu ikifika Mestre viti vimeisha. Mabegi tulitoka nayo Bologna asubuhi yake, tukayaacha kwa mwenzangu wa chumba Padova njiani, maana treni inasimama hapo, ungekuwa huna mtu basi stesheni kubwa zina sehemu ya kuhifadhi mizigo kwa malipo.

Kwa upande wangu ilinitoka euro 270 na ushee, malazi 120, treni zote kama 50 ukijumlisha na kutoka na kurudi Padova, kile kiti cha mwenzangu nilicholipia nusu 16, kinachobaki ni tumbo na kodi ya mji. Kibubu tulikihesabu kwenye behewa tumesimama, kikawa na euro 7 na senti 40. Dada wa Poland akakataa kata kata kuigawa, akasema hiyo ni mtaji wa 2 Juni, akaiweka kwenye soksi.